Nyimbo Mpya za Wazee

Baba yangu alisikia redioni kwamba amekufa. Alikuwa karakanani kwake Bungoma, anapiga randa mbao za kitanda, redio yake ndogo ikining'inia kwenye msumari. Miaka ile stesheni za FM ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kusikika kwetu vizuri, na mtangazaji mmoja wa asubuhi alikuwa na mapenzi ya kufukua santuri za zamani. Siku hiyo akaweka wimbo wa bendi ya Baba, ule uliovuma nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Ulipoisha akashusha sauti, akasema, "Wazee hawa wote wameshatangulia. Mungu awalaze mahali pema."

Baba akaweka randa chini. Akavuka barabara na vumbi la mbao kichwani, akaazima simu ya jirani, akapiga stesheni. Walipompokea hewani alisema, "Mimi ndiye napiga hiyo gita ya solo. Sijakufa. Niko hapa Bungoma natengeneza kitanda."

Mimi wakati huo nilikuwa Kitale, karani katika ofisi ya serikali. Nilisikia sauti ya baba yangu ikitoka kwenye redio ya mwenzangu wa meza ya pili. Mwenzangu akaniangalia. "Si huyo ni mzee wako?" Nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Walikuwa wanne. Bendi ilianzia Kitale, ikipiga kila Jumapili alasiri katika hoteli moja nyuma ya soko. Baba alipiga solo. Mwimbaji alikuwa fundi wa nguo, mzaliwa wa Bungoma, wa familia ya Kiislamu iliyokaa karibu na msikiti tangu zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenzake wote. Mpiga ngoma alitoka Kachibora, mkulima wa mahindi mwenye mikono kama majembe. Wa nne, mpiga besi, alikuwa wa Matulo, mrefu na mpole, mtu ambaye ungekaa naye saa nzima akakwambia maneno matatu.

Katika kiitikio cha wimbo wao mkubwa mwimbaji anaimba "mapenzi ya kweli", na Baba anamwitikia nyuma, "ya kweri!" Mwimbaji aliomba warudie kurekodi, akaambiwa muda umekwisha. Santuri ikatoka hivyo hivyo, na watu wakaipendea hapo hapo. Nimewasikia mpaka walimu wa Kiswahili wakiimba "ya kweri" kwa makusudi, huku wanacheka.

Bendi ilivunjika Jumapili moja mwimbaji alipokosa kutokea. Alikuwa ameitwa Kisumu na bendi kubwa zaidi, akaenda bila kuaga. Ukumbi umejaa, watu wanapiga meza, na mpiga besi, yule mpole, akajitolea kuimba badala yake. Walimzomea. Alimaliza wimbo mpaka neno la mwisho, akafunga gita lake, akarudi Matulo kulima miwa. Hakupanda jukwaani tena maisha yake yote. Bendi ya Kisumu nayo haikumweka mwimbaji hata mwaka. Alirudi Bungoma kwenye cherehani yake, na kwa zaidi ya miaka ishirini yeye na Baba, wanaoishi mji mmoja, walisalimiana kwa kuinua kidevu tu.

Baada ya ile simu ya redioni mambo yalikwenda mbio. Watu wa Kitale waliokuwa wakiandaa sherehe walituma ujumbe: kama wazee wako hai, waje wapige. Baba alivaa shati la Jumapili siku ya Jumatano, akaenda kwa mwimbaji. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba Baba alirudi na suruali iliyofupishwa pindo. Mpiga ngoma naye alipopata habari alifika Bungoma kesho yake akiwa na fimbo zake mfukoni, maana hakuwa ameacha kupiga hata wiki moja, alikuwa anapiga kanisani.

Mpiga besi ndiye hakuwepo. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Wakaamua angalau waende kwa mjane wake kumwomba gita.

Niliwaendesha mimi, kwa pikapu ya kaka yangu. Tulipofika Matulo, Baba na mpiga ngoma walishuka. Mwimbaji alibaki ndani, mikono juu ya magoti.

"Hushuki?" nikamwuliza.

"Tangulieni. Nitakuja."

Mjane alikuwa mama wa makamo, si mnene si mwembamba, anayetembea akivuta kidogo mguu wa kulia. Alitukaribisha, akaweka chai, akawasikiliza Baba na mwenzake wakizunguka na maneno mpaka wakafika kwenye gita.

"Besi iko," akasema. "Lakini haitoki hapa bila mimi."

Baba akadhani hajaelewa. "Tutailinda, shemeji. Hata wewe unaweza kuja kuiangalia."

Mjane akainuka. Aliingia chumbani, akarudi na gita limefungwa kwenye blanketi. Akalifungua juu ya mapaja yake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupiga. Hapakuwa na spika, na besi bila spika ni kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi. Tuliinama sote. Baba alisogea mpaka akaweka sikio kwenye ubao wa gita. Ulikuwa ule wimbo mkubwa, mwanzo mpaka mwisho, na pale katikati besi inaposhuka ngazi peke yake, mama yule alishuka nayo bila kuangalia vidole.

"Nilivunjika mguu mwaka mmoja," akasema alipomaliza. "Sikuweza kwenda shamba. Yeye akitoka kwenye miwa jioni anaoga, anakula, ananifundisha. Mguu ukapona, tukaendelea tu."

Mpiga ngoma alisema kitu kwa Kibukusu nisichokisikia vizuri, akafuta macho.

"Na yule mwingine," mama akauliza, "mbona amekaa kwa gari kama maiti?"

"Anaogopa," nikasema.

"Mwambie chai inapoa."

Mwimbaji aliingia na kofia yake mkononi. Alisimama mlangoni, mtu niliyezoea kumwona akitembea mjini kama mwenye mji. "Shemeji," akasema, "nilimkosea mume wako."

"Ulimkosea," mama akajibu. "Na alikungoja uje umwambie. Hukuja. Sasa umeniambia mimi. Keti unywe chai."

Akaketi, akanywa.

Sherehe ile ya Kitale sitaisahau. Ilikuwa mchana, jua kali, na watu walikuja na watoto na hata bibi zao. Wazee watatu na mama mmoja wa Matulo, amevaa gauni la kijani na viatu vya kanisani, gita limemfika magotini. Watu walianza kwa kumcheka. Besi ilipotoka kwenye spika, kicheko kikakatika. Na wimbo mkubwa ulipoanza, niliona wanaume wazima wakishikana mabega, wenye mashamba, makarani, mpishi wa shule moja akiwa bado na aproni. Mwimbaji alipofika pale juu, kwenye ile sauti iliyomfanya ajulikane, aliwaelekezea watu kipaza sauti, nao wakaimba kwa niaba yake. Walidhani ni mapenzi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa. Niliona shingo yake ilivyokakamaa, nikajua kwamba sauti ile haikuwepo tena.

Wakaanza kuitwa huku na huku. Walipiga Bungoma, Kachibora, Webuye, tena Kitale. Popote walipokwenda waliombwa nyimbo zile zile saba, na ule mkubwa mara mbili. Mwaka ukapita hivyo, na mimi nilikuwa mtu wa furaha. Baba alinenepa. Alianza kupiga mluzi akiwa kazini.

Jumamosi moja alasiri walikuwa wanafanya mazoezi karakanani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye sofa ambalo halijawekwa kitambaa. Walipomaliza wimbo mkubwa kwa mara ya tatu, mama akaweka kiganja juu ya nyuzi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyimbo mpya tutatoa lini?"

Mwimbaji alicheka. "Mpya za nini, shemeji?"

"Za kupiga."

"Sikiliza," mwimbaji akasema. "Watu wakituangalia wanaona ujana wao. Ndicho wanachokuja kutafuta. Ukiwapa kitu kipya unawanyang'anya. Mimi ni fundi wa nguo. Koti zuri la zamani huliwekei kiraka kipya, utaharibu vyote viwili."

"Sikusema kiraka," mama akajibu. "Nimesema koti lingine."

Mpiga ngoma aliangalia ngoma zake. Baba akashika kidevu, kisha akafanya jambo ambalo nilitamani asilifanye. Alinigeukia. "Wewe umesoma. Wasemaje?"

Nilisema nilichokiamini. Nilisema nyimbo zao zilikuwa zimeshaingia kwenye maisha ya watu; kwamba marehemu mama yangu alikuwa akiosha vyombo huku akiimba ule mkubwa; kwamba nilishaona wanamuziki wazee wakitoa vitu vipya vikawa aibu tupu, mpaka watu wakaanza kutilia shaka hata vile vya zamani. "Waachieni watu kile wanachokijua," nikasema. Mwimbaji alitikisa kichwa kukubali. Nilijisikia nimesema jambo la busara.

Mama wa Matulo aliniangalia bila hasira. "Mtoto wangu, ile besi kwa huo wimbo ni vidole vya nani?"

"Vya mzee."

"Basi. Kila nikipanda pale juu mimi ni mkono wa mtu amekufa. Nampenda. Lakini mimi niko hai, bana. Huu mkono wangu utapiga kitu yake lini?"

"Kitu chake," mwimbaji akasema, kwa mazoea tu.

Halafu mama mwenyewe akaanza kucheka, mpiga ngoma akafuata, na mwishowe mwimbaji akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka sana. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimsifu mama yule kila mahali, nikisema anapiga kama marehemu, na kila nilipomwambia hivyo alikuwa akitabasamu na kusema asante.

Kumbe Baba naye alikuwa na siri. Alikuwa na tuni aliyokuwa akiigonga kwenye mbao kwa miaka, na wateja walidhani anapima kama mbao imekauka. Jumamosi iliyofuata aliipiga kwenye gita, akiona haya kama mtu anayeonyesha barua ya mapenzi. Mama alikuwa ameandika maneno kwenye daftari la shule. Yalihusu mwaka ule wa mguu: mwanamke amekaa mlangoni, anamtazama mumewe akipotea kwenye miwa asubuhi, na kutwa nzima hana kazi ila kukumbuka mahali pa vidole. Hakuna mahali katika wimbo ule palipotajwa kifo.

Mwimbaji alisoma daftari lote, akasahihisha ngeli tatu, akalirudisha. "Ni maneno mazuri," akasema. "Lakini mimi siimbi."

Kwa majuma kadhaa hakuimba. Alikuja mazoezini, akaketi, akanywa chai, akasikiliza. Nadhani hakuna aliyemsihi. Mama alimjulia hali tu, "Habari ya nyumbani, shemeji?" kisha wanaanza bila sauti. Siku moja Baba, bila kusema kwa nini, alishusha wimbo wote chini, akaupiga kwa nyuzi nene. Mwimbaji alianza kuufuata kwa utani, kwa sauti ya kuiga wazee wa baraza. Alipofika mstari wa pili utani ulikuwa umekwisha. Sauti iliyotoka hatukuwa tumeisikia kwake kamwe. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na ilikuja polepole kama mtu anayebeba gunia na hataki msaada. Aliimba mpaka mwisho. Akakohoa.

"Tena," akasema.

Jioni ile nilimsindikiza hadi karibu na kwake. Waadhini walikuwa hawajaanza, naye hakuwa na haraka. "Unajua kwa nini nilikataa?" akaniuliza. "Ule wa zamani umenishinda. Nikiuimba, watu wananibeba. Nilifikiri huu mpya nitasimama peke yangu, na kila mtu ajue nimekwisha." Tukatembea kidogo. "Kumbe sijaisha. Nimeshuka tu."

Walirekodi Kitale, katika chumba kimoja nyuma ya duka la picha, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Mwenye studio alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, amezoea kazi za kwaya. Alieleza kwamba siku hizi kila mtu anarekodi peke yake, na ngoma zinatoka kwa kompyuta.

"Hiyo kompyuta ina miguu?" mpiga ngoma akauliza.

"Hapana, mzee."

"Sasa itajuaje watu wanacheza?"

Walirekodi wote kwa pamoja, madirisha yamefungwa, jasho linawatoka. Nyimbo zilikuwa tano. Katika wa tatu palikuwa na mahali pa Baba kuitikia, na neno lenyewe lilikuwa na ile herufi l iliyomshinda. Baba alikuwa amejifunza nyumbani. Alilitamka sawasawa, taratibu, kama mtoto anayesoma ubaoni. Mwimbaji akapunga mkono wasimame.

"Unafanya nini?"

"Nasema vizuri. Si ndiyo ulikuwa unataka?"

"Sema vile unasema," mwimbaji akamwambia. "Watu watajuaje ni wewe?"

Baba akainamisha kichwa, akajifanya anakaza uzi wa gita. Alichukua muda mrefu sana kuukaza uzi ule.

Ningependa kusema kwamba nyimbo zile zilivuma. Hazikuvuma. Yule mtangazaji alizipiga siku mbili, akawapongeza wazee, kisha akarudi kwenye ule mkubwa. Siku ya soko Chwele walipanda juu ya lori lililokuwa jukwaa lao, wakaanza na wimbo wa mama. Niliona watu wakigeuka kwenda kununua soda na kuangalia mbuzi. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Wazee, ile ya zamani! Ati mnatuletea nini?" Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yao. Sitaficha pia kwamba kulikuwa na kisauti ndani yangu kilichosema, si niliwaambia.

Mama hakuinua macho. Alipiga wimbo wake wote, na mwimbaji akaimba wote, chini, bila kumpa mtu yeyote kipaza sauti. Halafu wakapiga ule mkubwa na soko zima likarudi mbio.

Waliposhuka nilitafuta maneno ya kumfariji mama. Hakuyangoja. "Umeona yule mama wa vitunguu?" akaniuliza, macho yanamwaka. "Pale kwa turubai ya buluu. Mteja alikuja, akamwambia angoja. Angoja! Mpaka nikamaliza."

"Mmoja," Baba akasema, akifunga gita.

"Mimi pia nilikuwa mmoja," mama akajibu. "Marehemu alikuwa anapigia mimi tu, miaka yote hiyo. Alipiga vibaya?"

Ni hapo, kwenye vumbi la Chwele, nikiwa nimesimama katikati ya mapikipiki yanayobeba kuku, nilipokubali kwamba nilikosea. Nilikuwa nikiulinda ule wimbo kama sufuria ya mama yangu isiyopikiwa. Wao walikuwa watu, na walikuwa na njaa.

Waliendelea. Kila mahali waliweka nyimbo mbili mpya kati ya zile za zamani, na hawakuomba radhi. Kanda zilienda polepole, moja huku, mbili kule. Sidii zikaja, wengine wakazinakili bila ruhusa, na Baba akasema anayeiba wimbo angalau ameupenda. Walimu fulani wa Kachibora walinieleza kwamba wanautumia wimbo wa mama kwenye harusi, jambo lililonishangaza, maana niliuona wa huzuni. Nikausikiliza upya, nikaona ni kweli: ni wimbo wa mke anayemngoja mume arudi, na mume anarudi.

Miaka minne au mitano baadaye waliitwa kupiga katika harusi karibu na Kitale, katika uwanja wa shule. Baba alikuwa ameanza kukaa kwenye kiti akipiga, na mpiga ngoma alikuwa amenyolewa upara na wajukuu zake. Bibi harusi alikuwa ameomba wimbo wa mama kwa ajili ya kuingia. Waliupiga. Wageni walisimama, na niliwaona wengi wakisogeza midomo. Walikuwa wanayajua maneno.

Ulipoisha, kijana mmoja mwenye suti, rafiki ya bwana harusi, alikuja mpaka mbele ya jukwaa akiwa na soda mkononi. "Niaje wazee," akasema. "Hiyo ngoma ya kitambo ni noma. Mlitoa hata sijazaliwa, si ndiyo?"

Mwimbaji akafungua mdomo kumsahihisha, kama alivyozoea kusahihisha kila kitu. Mama akamgusa mkono.

"Wacha tu," akamwambia.

Kijana akarudi mezani kwake, amefurahi. Mama akavuta kiti chake karibu na cha Baba, akamwuliza kuhusu tuni aliyoileta juma lililopita, ile ambayo bado haikuwa na maneno. Je, wangethubutu kuijaribu hapa, mbele za watu? Baba akasema vidole vyake havijaizoea. Mpiga ngoma akasema havitaizoea kwa kuketi. Wakaangaliana, na mwimbaji akavua kofia, akaiweka juu ya spika, akasema kwa kuwa hakuna maneno, yeye atapiga makofi.